Mrija wa Rangi ya Chungwa

Mama wa Nakuru mwenye mtoto wa kichwa maji, yaani kichwa kilichojaa maji kupita kiasi, hushika barabara ya Nairobi alfajiri. Matatu hupita Gilgil na Naivasha, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, naye hushuka na kuteremkia Kijabe, jina ambalo kwa Wamaasai ni mahali pa upepo. Hospitali ya misheni imekuwapo hapo tangu 1915, na kupitia shirika la BethanyKids watoto wengi wenye kichwa maji na mgongo wazi wamefanyiwa upasuaji. Wengine hurudi nyumbani na mrija mwembamba chini ya ngozi: unaanzia ndani ya ubongo, unapita nyuma ya sikio, unashuka shingoni na kifuani hadi tumboni, ukimwaga huko maji yaliyozidi.

Mrija huo una deni kwa baba mmoja. John Holter alikuwa fundi wa kiwanda cha kufuli Marekani. Mwanawe Casey alizaliwa 1955 na mgongo wazi, kisha kichwa kikajaa maji. Holter aliwaona madaktari wakihangaika na vali za mirija hiyo zilizoziba, akaingia karakana kutengeneza yake. Mwaka 1956 vali yake ya silikoni ikaanza kutumika. Silikoni ilifaa kwa sababu mwili huivumilia.

Bahati mbaya, bakteria nao huipenda. Wale wanaoishi kwenye ngozi yetu bila kutudhuru hudandia mrija wakati wa upasuaji, hujishikiza, kisha hujifunika utando wa utelezi ambao dawa ya sindano haiupenyi. Mara nyingi hakuna budi mrija utolewe.

Nchini Uingereza, mtafiti Roger Bayston alitafuta njia ya kuupa mrija wenyewe kinga. Hakuupaka dawa juujuu. Aliuloweka katika kimiminika kilichochanganywa na dawa, silikoni ikavimba na kuifyonza. Kimiminika kilipokauka, silikoni ilinywea na dawa ikabaki ndani, ikivuja polepole kuelekea uso wa mrija kwa wiki kadhaa. Dawa zilizokuja kutumika ni mbili, klindamisini na rifampisini. Ya pili haihitaji kutambulishwa Nakuru: aliyewahi kutibiwa kifua kikuu anakumbuka jinsi mkojo wake ulivyogeuka rangi. Ndiyo inayoupa mrija huo rangi ya chungwa.

Je, unasaidia? Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,605 wa Uingereza na Ireland. Waliowekewa mrija wa kawaida, asilimia 6 walipata maambukizi. Wa mrija wenye madini ya fedha, asilimia 6 vilevile. Wa mrija wenye dawa, asilimia 2.

Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuujaribu. Huko Mbale, Uganda, madaktari wa hospitali ya watoto ya CURE walichapisha mwaka 2014 ulinganisho wa watoto 160: mrija wenye dawa dhidi ya ule wa bei nafuu kutoka India. Kwa idadi hiyo ndogo, tofauti haikutosha kuwa ushahidi. Mapema zaidi, mwaka 2005, Benjamin Warf wa hospitali hiyohiyo alikuwa ameonyesha kwamba mrija wa India wa dola 35 ulifanya kazi sawa na wa Marekani wa dola 650.

Warf alikwenda mbali zaidi. Alitoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo wenyewe na kuchoma tishu zinazoyatengeneza, ili mtoto anayefaa asihitaji mrija kabisa. Hoja yake haikuwa bakteria tu. Mrija wowote, hata wa rangi ya chungwa, unaweza kuziba, na ukiziba mtoto hana siku nyingi.

Ndiyo maana mama huyu, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, hufundishwa dalili: homa, kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida. Zikijitokeza usiku wa manane, swali lake si mrija ulitoka nchi gani. Ni matatu ya kwanza huondoka saa ngapi, na nauli iko wapi.