Bahati ya Kokura

Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi. Methali hii ni ya watu wa pwani, na mimi niliisoma kitabuni, kwa kuwa nilizaliwa Likasi, huku Katanga, ambako watu hawasuki makuti. Lakini niliielewa upesi, kwa sababu kambo wangu (ndivyo tunavyomwita babu kwetu) alikuwa na neno lake la namna hiyo. Ukimwambia kwamba fulani amepata bahati, yeye anakuuliza, "Ameipata kwa nani?" Tulidhani ni mzaha wa mzee. Siku hizi nasoma historia, na swali hilo linanirudia kila mara, hasa ninaposoma habari za mji mmoja wa Japani uitwao Kokura.

Kokura ulikuwa mji wenye kiwanda kikubwa cha silaha cha jeshi la Japani. Tarehe 6 Agosti 1945 Wamarekani walipopeleka bomu la kwanza la atomiki, shabaha yao ilikuwa Hiroshima, na Kokura ulikuwa mji wa akiba iwapo mawingu yangeifunika Hiroshima. Asubuhi ile mbingu za Hiroshima zilikuwa safi. Basi Kokura ukapona mara ya kwanza, na wakazi wake hawakujua lolote.

Siku tatu baadaye mji huo ndio ulikuwa shabaha yenyewe. Safari ya pili ilikuwa imepangwa kufanyika tarehe 11, ikaletwa mbele hadi tarehe 9 kwa sababu watabiri wa hali ya hewa waliona siku mbaya zinakuja. Ndege iliyobeba bomu iliitwa Bockscar, na rubani wake alikuwa Charles Sweeney. Tangu mwanzo mambo yalikwenda kombo. Pampu moja iliharibika, ikawa mafuta ya akiba yaliyomo ndani ya ndege hayatumiki. Kisha walizunguka hewani wakisubiri ndege mwenzao ambayo walitakiwa kukutana nayo. Walikuwa wameagizwa kusubiri dakika 15. Wao walisubiri kama dakika 40. Ndege ile haikutokea.

Walipofika juu ya Kokura, mji ulikuwa umefunikwa. Amri waliyopewa ilikuwa wazi: bomu lisiangushwe mpaka mlengaji aione shabaha kwa macho yake. Mlengaji huyo, Kermit Beahan, alikuwa akitimiza miaka 27 siku hiyohiyo. Walipita mara ya kwanza, hakuona kiwanda. Wakapita mara ya pili kutoka upande mwingine, hakuona. Mara ya tatu, hakuona. Mafuta yalikuwa yanapungua na bunduki za kutungulia ndege zilikuwa zinawatafuta. Sweeney akageuza ndege kuelekea Nagasaki, mji wa akiba wa siku hiyo. Hata Nagasaki ilikuwa na mawingu, lakini dakika za mwisho yalifunguka kidogo. Saa tano na dakika mbili asubuhi bomu liliangushwa, mbali na pale lilipokusudiwa, likalipukia juu ya bonde la Urakami. Kufikia mwisho wa mwaka ule watu wapatao 70,000 walikuwa wamekufa. Upo msemo unaosimuliwa: mtu akiepuka balaa bila hata kujua kwamba ilikuwa inamjia, hiyo ni bahati ya Kokura.

Sasa nauliza kama kambo: Kokura waliipata kwa nani? Jibu la kwanza ni rahisi, waliipata kwa Nagasaki. Bomu lilikuwa limekwisha kupakiwa na lazima lianguke mahali. Lakini ukitazama kwa makini, utaona mkono mwingine. Kile kilichoufunika mji kilikuwa nini? Wengine husema mawingu tu. Wengine husema moshi, maana siku moja kabla, tarehe 8, ndege za Marekani zilikuwa zimeuchoma moto mji wa jirani, Yahata, wenye viwanda vya chuma. Wapo pia wazee waliofanya kazi katika viwanda hivyo waliosema kwamba walichoma lami ya makaa makusudi ili moshi uwafiche, kwa kuwa walikuwa wamesikia habari za Hiroshima. Kama moshi ndio uliookoa, basi Kokura ilipona kwa sababu nyumba za Yahata zilikuwa bado zinaungua. Mawingu peke yake ningeyaita bahati bila kusita. Moshi, siwezi.

Nagasaki nayo haikuwamo katika orodha ya kwanza ya miji ya kulengwa. Kyoto ndiyo iliyokuwamo. Henry Stimson, waziri wa vita wa Marekani, alikuwa ameitembelea Kyoto katika miaka ya 1920, akakataa katakata mji ule wa mahekalu usiguswe, na mwishoni mwa Julai Nagasaki ikaongezwa. Mtu mmoja alitembea mji mmoja, miaka karibu 20 ikapita, na watu wa mji mwingine wakafa.

Kuna pia habari ya mhandisi wa Nagasaki, Tsutomu Yamaguchi. Kampuni yake ilikuwa imemtuma Hiroshima kwa miezi mitatu, na tarehe 6 Agosti alikuwa anajiandaa kurudi nyumbani. Njiani akakumbuka kwamba amesahau muhuri wake, akarudi kuuchukua, bomu likamkuta huko. Aliungua vibaya. Akafika Nagasaki, na tarehe 9 alikuwa ofisini akimweleza mkubwa wake mambo aliyoyaona, bomu la pili likalipuka. Alifariki mwaka 2010 akiwa na miaka 93. Rafiki zangu darasani waligawanyika: nusu walisema hakuna mtu mwenye bahati kumshinda, nusu walisema hakuna mwenye mkosi kumshinda. Mimi naona pande zote mbili zilisema kweli, na hapo ndipo neno bahati linaponichosha.

Je, mtu anaweza kujiongezea bahati? Wapo wanaoweza, na mfano wangu unatoka kwetu. Mawe ya urani yaliyoingia katika kazi ya mabomu yale, kwa sehemu kubwa, yalichimbwa Shinkolobwe, kilomita zipatazo 20 kutoka Likasi. Kampuni ya Wabelgiji ya Union Minière ilikuwa ikichimba hapo radiamu kwa ajili ya hospitali, na urani ilihesabiwa kama takataka. Mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, alikutana mwaka 1939 na wataalamu wa Uingereza na Ufaransa waliomdokeza kwamba takataka ile ingeweza kuwa silaha ya kutisha. Hakupuuza. Mwishoni mwa 1940 aliagiza tani zipatazo 1,200 zisafirishwe mpaka New York, zikawekwa ghalani katika kisiwa cha Staten Island. Hakuna aliyemwagiza. Alipowaambia maofisa wa Marekani kwamba anayo, hawakujali. Septemba 1942 kanali mmoja, Kenneth Nichols, aliingia ofisini kwake kuuliza kama urani ya Kongo inaweza kupatikana, akaambiwa kwamba imekwisha kufika. Ilikuwa na zaidi ya asilimia 60 ya madini, wakati mawe ya Marekani yenyewe hayakufika hata asilimia 1. Wakaandikiana mkataba siku ileile.

Wamarekani walisema wamebahatika. Sengier hakubahatika, alijiweka pale ambapo bahati ingepita. Alisikia mapema, alikuwa na meli za kukodi na ghala la kuwekea, na aliweza kuthubutu kwa mali isiyokuwa yake. Alipewa nishani na serikali ya Marekani, hata madini moja yakaitwa kwa jina lake.

Lakini wachimbaji wake nao walijaribu kuibadili hali yao. Desemba 1941, katika migodi na viwanda vya kampuni hiyohiyo, wafanyakazi waligoma wakidai mshahara wa kuwatosha kula, maana vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu. Tarehe 9 walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Askari waliwapiga risasi, makumi wakafa, miongoni mwao Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa akiwasemea. Wao pia walikuwa wamesoma dalili za nyakati, na ujasiri haukuwapungukia. Sioni kwamba Sengier aliwazidi kwa akili au kwa bidii. Aliwazidi kwa mahali aliposimama. Kwa hiyo ninapoona kitabu kinachofundisha watu jinsi ya kuwa na bahati, fungua macho, zungumza na wageni, usikate tamaa, nakubali kwamba ni mashauri mazuri, kisha natafuta ukurasa unaosema nini cha kufanya ikiwa mlango umelindwa na askari. Bado sijauona.

Baada ya mgomo ule migodi iliendelea, na vita vilipopamba moto Shinkolobwe ilichimbwa usiku na mchana. Mawe yalichambuliwa kwa mikono mitupu. Majina ya waliofanya kazi hiyo hayamo katika vitabu nilivyosoma.

Kokura leo ni sehemu ya jiji la Kitakyushu. Kila tarehe 9 Agosti watu wa huko hukusanyika katika bustani ya Katsuyama, karibu na pale kiwanda cha silaha kilipokuwa, kuwakumbuka waliokufa Nagasaki. Pana kengele, na huipiga. Nilimsomea kambo habari hiyo, naye alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama wanajua mawe yalitoka wapi. Nikamwambia sijui. Akasema niwaandikie.