Sadaka kwa Njia ya Simu: Namna Michango ya Huruma Inavyokusanywa na Inavyopaswa Kulindwa

Muumini anayeishi Likombe, katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, hana tena haja ya kungoja Dominika ili amsaidie mhitaji. Ujumbe huingia katika simu yake: mgonjwa amelazwa Ligula na ndugu zake wameishiwa, au nyumba ya mjane imeezuliwa na upepo. Dakika chache baadaye mchango umekwisha kufika. Urahisi huo ni baraka, kwa maana shida haina siku maalumu. Lakini kapu la sadaka hupita mbele ya macho ya wote, na fedha zake huhesabiwa na watu zaidi ya mmoja. Mchango wa simu hauna mashahidi wa namna hiyo. Katika makala hii tunaeleza jinsi asasi za huduma zinavyokusanya fedha kwa njia ya simu na intaneti, na jinsi imani ya watoaji inavyoweza kulindwa.

Njia zinazotumika

Njia iliyoenea zaidi kwetu ni huduma za fedha kwa simu. M-Pesa ilianza nchini Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008 kupitia Vodacom. Zikafuata Tigo Pesa, Airtel Money na Halopesa. Asasi iliyojisajili hupewa namba ya kampuni. Mtoaji huingiza namba hiyo, kisha namba ya kumbukumbu, kiasi, na mwisho namba yake ya siri. Kumbukumbu ina kazi kubwa: ndiyo inayomwezesha mtunza hazina kutenganisha fedha za yatima na fedha za ujenzi, ingawa zote zimeingia mahali pamoja. Mchango unaotumwa kwa namba ya mtu binafsi huchanganyika na fedha zake za nyumbani, hata kama mtu huyo ni mwaminifu.

Njia ya pili ni ujumbe mfupi wa maneno. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, Januari 2010, wakazi wa Marekani walituma neno moja tu kwa namba fupi, na dola 10 zikaongezwa katika ankara zao za simu. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani lilipata kwa njia hiyo zaidi ya dola milioni 30. Kwetu, ambako wengi hununua vocha kabla ya kuzungumza na hawana ankara ya mwisho wa mwezi, pochi ya simu ndiyo iliyoshika nafasi hiyo.

Njia ya tatu ni makundi ya WhatsApp na majukwaa ya michango ya mtandaoni, kama GoFundMe la Marekani na M-Changa la Kenya. Kwa njia hizi, mwana wa Mtwara anayefanya kazi Dar es Salaam au ng'ambo huweza kushiriki mzigo wa nyumbani siku ileile anapousikia.

Mafunzo kutoka kwa majirani na kwetu

Mwaka 2011, ukame ulipoleta njaa kaskazini mwa Kenya, kampeni iliyoitwa Kenyans for Kenya iliwaalika wananchi kuchangia kupitia M-Pesa na benki, hata kwa shilingi 10 tu. Lengo la kwanza lilikuwa shilingi milioni 500 za Kenya, nalo lilivukwa. Mwaka 2020, ibada za hadhara ziliposimamishwa nchini humo kwa sababu ya UVIKO-19, parokia nyingi zilitangaza namba za malipo ili waamini waendelee kutoa wakiwa majumbani.

Kwetu Tanzania, tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 liliacha funzo la aina nyingine. Michango ilimiminika kutoka kila upande. Kabla mwezi haujaisha, viongozi wawili wa serikali mkoani humo waliondolewa katika nyadhifa zao kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na lile la akaunti rasmi ya maafa. Hatutaji jambo hili ili kumhukumu mtu. Tunalitaja kwa kuwa jina moja likiwa na akaunti mbili, mtoaji hawezi tena kujua alichotoa kimekwenda wapi.

Sisi wa mwambao huu tunajua kuwa maafa hayako mbali. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kikikaribia, wakazi wa Mtwara walitakiwa kuhama maeneo ya mabondeni. Kikatua ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado, na kuwaacha majirani zetu wa Msumbiji bila makazi. Siku kama hiyo ikifika, namba ya kuchangia iwe imekwisha kujulikana na kuaminiwa. Atakayengoja hadi siku ya maafa ndipo aitafute, atawakuta matapeli wamemtangulia.

Makato na wanyonge

Kila muamala una gharama yake. Julai 2021 serikali iliongeza tozo ya miamala ya simu, kisha ikaipunguza kufuatia malalamiko ya wananchi. Makato huwa mazito zaidi kwa mchango mdogo kuliko kwa mkubwa. Kwa sababu hiyo ni busara Jumuiya Ndogo Ndogo ikusanye taslimu, iandike katika daftari, kisha itume mara moja. Utaratibu huo humfaa pia bibi asiye na simu, na mkulima ambaye mkono wake ni mtupu hadi korosho ziuzwe. Yule mjane wa Injili alitoa senti mbili, na Bwana aliziona.

Jambo jingine ni orodha za makundi ya WhatsApp, ambamo kila jina huandikwa na kiasi chake. Jumla ya mapato na matumizi yapaswa kutangazwa. Lakini si lazima kila mtu ajue fulani ametoa elfu hamsini na fulani elfu moja. Uwazi unahusu fedha; haukusudiwi kumwaibisha maskini wala kumtukuza tajiri.

Kanisa linafundisha nini

Mtume Paulo alipokusanya msaada kwa ajili ya waamini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Aliwashirikisha Tito na ndugu wengine walioaminiwa na makanisa, akieleza kwamba hataki lawama kuhusu fedha hizo (2 Kor 8). Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinafuata njia hiyohiyo. Kanuni ya 1265 haimruhusu mtu binafsi kuomba michango kwa ajili ya kazi ya Kanisa bila kibali cha maandishi cha wakuu wake wa Kanisa. Kanuni ya 1267 inataka sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa. Simu haikubadilisha lolote katika hayo.

Kabla ya kubonyeza namba ya siri

1. Tuulize ni nani anayeomba, na kama paroko au viongozi wa Jumuiya wanaufahamu mchango huo.
2. Tusome jina linalojitokeza kwenye simu. Likitofautiana na la asasi, tusitume.
3. Ujumbe unaosema pesa itumwe kwenye "namba hii" nyingine tusiutii; tuuripoti TCRA kwa kuutuma kwenda 15040.
4. Tusisambaze picha ya mgonjwa au mtoto bila ridhaa. Heshima yake haiuzwi kwa ajili ya mchango, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa zake.
5. Tutunze ujumbe wa uthibitisho, na mchango ukifungwa tuombe taarifa: kilichopokelewa, kilichotumika na kilichobaki.

Anayedai hesabu hajamtuhumu mtu, na anayetoa hesabu hajajishusha. Mchango mmoja ukipotea, anayeumia zaidi ni mgonjwa wa kesho, atakayeomba kwa haki na asiaminiwe. Kwa hiyo kuilinda sadaka ya simu nako ni tendo la huruma.