Oktoba 1914: Mwezi wa kungoja Bwana katika Ziwa Nyasa

Kwa maelfu ya watu wa ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Nyasa, Oktoba 1914 ndio ulikuwa mwezi wa kurudi kwa Bwana. Aliyewatangazia habari hiyo ni Elliot Kenan Kamwana, Mtonga aliyesomeshwa na misheni ya Waskoti ya Livingstonia, ambaye baadaye alipokea mafundisho ya Mmarekani Charles Taze Russell kupitia kwa mhubiri Joseph Booth. Kwa miezi michache tu, kati ya 1908 na 1909, Kamwana alibatiza watu wapatao 10,000, hata serikali ya Waingereza ikaingiwa na hofu na kumwondoa. Mwaka wenyewe ulipofika, kilichotangulia kuja ni vita. Tarehe 13 Agosti meli ya Waingereza, Gwendolen, ilivuka hadi upande wetu wa mashariki na kuishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo katika bandari ya Sphinxhafen, ambayo ndiyo Liuli ya leo. Oktoba ikaingia, ikatoka. Kodi haikufutwa, serikali haikuanguka, na wanaume wa pande zote za ziwa wakachukuliwa kubebeshwa mizigo ya majeshi.

Ni rahisi kuwahesabu watu hao kuwa wajinga waliodanganywa, lakini hesabu hiyo si ya haki. Livingstonia iliwaweka wanafunzi wa dini kwa miaka kabla ya kuwabatiza. Kamwana aliwabatiza palepale. Serikali ilidai kodi ya nyumba kwa watu wasio na fedha. Kamwana alisema Bwana akija, kodi itakoma. Hapo hakuwa mbali na Maandiko, maana manabii na Kitabu cha Ufunuo vinaifunga siku ya Bwana pamoja na hukumu ya wanaodhulumu. Kosa lake lilikuwa tarehe. Injili inasema wazi kwamba siku ile na saa ile haijui yeyote ila Baba, na anayeitaja anamfunga Bwana kwa ahadi ambayo Bwana hakuitoa. Marekani ililionja jambo hilo zamani: wafuasi wa William Miller walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, wakavunjika moyo. Miongoni mwa waliobaki wakatoka Wasabato, ambao mwaka 1903 walifika Upare. Waliokumbatia tumaini bila kuhesabu tena mwaka ndio waliodumu na kuvuka bahari.

Mwambao wa mashariki, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay na kuendelea kusini, ulifundishwa kungoja kwa namna nyingine, na hapa ndipo ninapoona hoja yangu ikisimama. Misheni ya Waanglikana ya UMCA iliweka makao yake kisiwani Likoma katika miaka ya 1880, ikawa inatembelea vijiji kwa meli. Meli ya kwanza iliitwa Charles Janson, jina la padre aliyefariki mara tu baada ya kuliona ziwa mwaka 1882. Iliyofuata, mwaka 1901, ikaitwa Chauncy Maples, jina la askofu aliyezama ziwani mwaka 1895, miezi michache tu baada ya kuwekwa wakfu. Tuyatazame majina hayo kwa makini. Kanisa linalodhani Bwana amechelewa halizipi meli zake majina ya marehemu. Linafanya hivyo kwa sababu linaamini kwamba hao wamelala tu na wataamshwa. Mwenzao William Percival Johnson aliishi kuliko wote. Macho yalimharibikia akiwa bado kijana, lakini alitembea mwambao huu kwa zaidi ya miaka 40, akitafsiri Biblia kwa Kinyanja cha Likoma, akibatiza na kuzika. Oktoba 1914 alikuwa hai, naye akimngoja Bwana yuleyule. Alifariki Oktoba 1928, akazikwa Liuli, katika bandari ileile ambako mizinga ya kwanza ya vita ziwani ilisikika.

Atatokea wa kuuliza: tofauti iko wapi? Kamwana alingoja, Bwana hakuja. Johnson alingoja, Bwana hakuja. Karibu miaka 2,000 imepita, na kungoja kusiko na tarehe ni kungoja kusikoweza kukanushwa na chochote. Swali hilo ni zito na halijibiwi kwa kupandisha sauti. Mimi nalijibu kwa kutazama kungoja kunamfanya nini anayengoja. Milimani kwa Wamatengo, Wabenediktini walifungua misheni ya Kigonsera mwaka 1899, mwaka mmoja baada ya Peramiho. Vita vya Maji Maji vilipofika mwaka 1905, Peramiho ilichomwa moto na askofu wao, Cassian Spiss, aliuawa akiwa njiani katika nchi ya Liwale. Kama tumaini lao lingekuwa la tarehe, lingeishia majivuni. Walirudi, wakajenga upya, wakafika Litembo, na leo pana hospitali pale. Wakristo wa Mbinga, watu wa kilimo cha mashimo ya ngolo na wa kahawa, wanajua kwamba mche wa kahawa hungojewa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuvunwa, na anayeungoja hakai bure: anapalilia. Mtume Paulo aliwakemea Wathesalonike walioacha kazi kwa kisingizio cha kumngoja Bwana, kwa hiyo uvivu huo ni wa zamani kama Kanisa lenyewe, na karipio lake ni la zamani vilevile.

Ziko hatari kubwa kuliko uvivu. Machi 2000 mamia ya waumini waliteketea kanisani Kanungu, Uganda, baada ya kuhubiriwa kwamba dunia inakwisha. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa mujibu wa mashtaka, waliambiwa wafunge hadi kufa ili wamlaki Yesu. Wengine wanahitimisha kwamba afadhali mahubiri ya kurudi kwa Bwana yaachwe kabisa. Naona kinyume chake. Kanisa likinyamaza kuhusu siku ya Bwana, njaa ya kuisikia haiondoki. Inakwenda kulishwa na mwenye kalenda mkononi, kama ilivyokwenda kwa Kamwana wakati misheni ziliposema machache mno kuhusu kodi.

Kamwana mwenyewe aliruhusiwa kurudi kwao mwaka 1937 baada ya miaka mingi ya uhamisho, na kanisa aliloliongoza hadi kifo chake mwaka 1956 lilibeba jina la mlinzi, yaani akeshaye. Nalisoma jina hilo kama ishara ya mtu aliyekwisha kuiacha tarehe bila kuacha zamu. Basi Majilio yakifika, mapadre na makatekista wa Mbinga na Nyasa wasiwaandalie watu Krismasi peke yake. Wawahubirie kurudi kwa Bwana waziwazi, pamoja na hukumu yake juu ya anayempunja mkulima kwenye mizani ya kahawa na anayemdhulumu mvuvi samaki wake, na wawaambie bila kusita kwamba siku yenyewe hawaijui.