Jinsi Waingereza wa Kale Walivyofundishwa Kilatini

Wasomaji wetu waliowahi kukutana na Kilatini wajua kwamba taabu yake huanza katika miisho ya maneno. Sisi hugeuza neno mbele: mtumwa, watumwa. Mrumi aligeuza nyuma: servus, servi. Tena aliposema "servus filium amat" au "filium servus amat", maana yake ilikuwa moja, yaani mtumwa ampenda mwana. Kwa kuwa huo mwisho -um ndio uonyeshao nani apendwaye. Walakini amo, amas, amat ni rahisi kwetu kuliko kwa Mwingereza: napenda, wapenda, apenda, neno moja tu, na mwenye kutenda yumo ndani yake.

Kwa miaka elfu na zaidi wanafunzi walianza na kitabu kidogo cha Donatus, mwalimu wa Rumi katika karne ya 4, aliyemfundisha Hieronimo mfasiri wa Biblia. Kitabu huuliza aina za maneno ni ngapi, nacho hujibu kuwa ni nane. Ndivyo kiendeleavyo mpaka mwisho. Ni kitabu kizuri, ila kiliandikwa kwa watoto waliosema Kilatini nyumbani kwao. Kilipofika Uingereza, mtoto alitakiwa ajue Kilatini kwanza ndipo aweze kusoma sarufi ya Kilatini!

Hasara yake ilikuwa kubwa. Mfalme Alfred, aliyetawala tangu 871 hata 899, aliandika kwamba alipoanza kutawala hakumkumbuka hata mtu mmoja kusini ya mto Thames awezaye kufasiri waraka wa Kilatini. Wadani walikuwa wameteketeza makanisa mengi na vitabu vyake; lakini mfalme mwenyewe alikiri kwamba hata kabla ya moto ule, watumishi wa Mungu walikuwa na vitabu tele visivyowafaa kitu, kwa sababu havikuandikwa kwa lugha yao.

Ndipo akatokea mtawa Aelfric, aliyetumwa Cerne mwaka 987. Yapata mwaka 998 alitunga sarufi ya Kilatini iliyoelezwa kwa Kiingereza, ya kwanza ya namna hiyo tuijuayo. Alijua kwamba wengi watamlaumu, naye akaitoa kwa ajili ya watoto wadogo. Tena akawatungia mazungumzo ya Kilatini: huyu ajifanye mkulima, huyu mvuvi, huyu mchungaji. Mkulima hulia kwamba hutoka alfajiri katika baridi kali kwa kumwogopa bwana wake, maana yeye si mtu huru. Sisi twaona huo ni ufundi wa mwalimu wa kweli, kumpa mtoto maneno ya shamba alijualo.

Juu ya kufasiri, Aelfric aliogopa. Kasisi aliyemfundisha kwanza alijua Kilatini kidogo tu, naye aliona jinsi mafundisho yanavyoweza kupotoka. Kwa hiyo, alipofasiri kitabu cha Mwanzo, alisema asiongeze kitu. Lakini Kiingereza kiachiwe njia yake chenyewe, ama sivyo msomaji asiyejua Kilatini atapotezwa.

Sarufi yake ilinakiliwa mara nyingi. Hata katika karne ya 13, Waingereza walipokuwa wamekwisha kutawaliwa na Wanormani na lugha yao imegeuka sana, mwandishi mmoja wa Worcester aliinakili tena. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka, na mtetemo ule waonekana katika herufi zake hata leo.