Kutoka Eksirei ya Mengo hadi Picha ya Mama Mjamzito

Katika historia ya tiba ya Afrika Mashariki, kilima cha Namirembe mjini Kampala kina nafasi ya pekee. Hapo ndipo Dkt. Albert Cook alipoanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, na hapo ndipo eksirei ya kwanza katika eneo letu ilipofungwa mwaka 1907, miaka 12 tu baada ya Wilhelm Röntgen kuigundua mionzi hiyo nchini Ujerumani.

Hata hivyo, eksirei haikumfaa sana mama mjamzito. Inaonyesha vizuri mifupa, lakini mionzi yake inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mama aliendelea kutegemea mikono ya mkunga. Mabadiliko yalianza mwaka 1958, Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipochapisha picha za tumbo zilizopigwa kwa mawimbi ya sauti. Ultrasaundi haitumii mionzi hiyo, nayo huonyesha pacha, mlalo wa mtoto na mahali kondo la nyuma lilipojishika.

Lakini mashine bila msomaji wa picha ni kama kitabu mbele ya asiyejua kusoma. Ndiyo maana kazi ya Profesa Michael Kawooya, mtaalamu wa radiolojia wa Uganda, ina uzito. Aliasisi taasisi ya kufundisha ultrasaundi hapo hapo Mengo, ikapewa jina la Ernest Cook.

Kazi hiyo haikuishia mjini. Mwaka 2010, kituo cha afya cha Nawanyago, wilayani Kamuli, kilianza kutoa ultrasaundi kwa gharama ndogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, Kawooya akiwa mmoja wa waandishi, ulionyesha kwamba wajawazito waliohudhuria kliniki waliongezeka, na waliojifungulia kituoni waliongezeka pia. Picha ilimvuta mama hadi mikononi mwa mkunga.

Hapa ndipo penye somo. Picha haifanyi upasuaji wala haimwongezei mama damu. Mama aliyeonekana kondo limeziba njia ya uzazi bado anahitaji gari, barabara na chumba cha upasuaji kabla damu haijaanza kutoka. Kuona ni mwanzo tu. Historia ya Mengo inatufundisha kwamba chombo kinaweza kufika mapema, lakini faida yake humfikia mwananchi pale tu watu wanapofundishwa na huduma nyingine zinapokifuata.