Samaki wa Escher na Fuwele za DNA

Tumezoea kuisoma DNA kama hati ya urithi: nani kamzaa nani, nani karithi pua ya babu. Ned Seeman aliitazama kama ukili wa kusukia.

Mwaka 1980 alikuwa akifundisha chuo kikuu huko Albany, Marekani, akihangaika kupata fuwele za kupiga eksirei ili aone maumbo ya molekuli. Fuwele hazikuja. Siku moja akaenda baa ya chuoni kuwaza juu ya njia panda za DNA zenye mikono sita, ikamjia picha ya Escher iitwayo Depth: samaki safu kwa safu, kila mmoja na kichwa, mkia na mapezi pande sita. Njia panda zikishikana vile, aliona, zitakuwa kiunzi, na protini zitakaa ndani zimepangika.

Wala hapana mikono ya kusuka. A hushikana na T, G na C. Kipande kifupi cha uzi kikiachwa wazi nchani, chenyewe hutafuta mwenzake majini. Maji yakichemka, nyuzi huachana. Yakipoa polepole, hurudiana.

Wazo alilichapisha 1982. Mchemraba mmoja ulipatikana 1991. Mwaka 2006 Paul Rothemund alikunja uzi mrefu wa kirusi ukawa nyuso zinazocheka, dunia ikashangilia (kwa haki, ingawa sisi tungeanza na Seeman). Fuwele yenyewe ilikuja 2009, imejengwa kwa pembetatu, si kwa mikono sita, na ndani yake hamkuwa na protini.