Mkutano wa Wadukuzi wa Hamburg

Ukiambiwa, msomaji, kwamba karibu kila mwaka, siku mbili baada ya Krismasi, watu zaidi ya 10,000 hukutana huko Ujerumani ili kuonyeshana jinsi kufuli za kompyuta na za simu zinavyofunguka bila ufunguo, huenda utauliza kwa nini polisi wasiende kuwakusanya wote kwa siku moja. Swali hilo si la kipumbavu. Wajerumani wenyewe waliliuliza zamani, na jibu lake lataka tuanze na kisa cha benki.

Katika mwaka wa 1984 idara ya posta ya Ujerumani Magharibi ilikuwa na chombo kipya kilichoitwa Bildschirmtext. Mtu aliiunganisha televisheni yake na waya wa simu, akasoma habari na kuagiza bidhaa akiwa nyumbani kwake. Kurasa nyingine zilikuwa za kulipiwa, na malipo yake yaliandikwa katika hesabu ya simu ya msomaji. Posta ilijigamba kwamba chombo hicho ni salama. Wau Holland na Steffen Wernéry, wa chama kiitwacho Chaos Computer Club kilichoanzishwa Berlin mwaka wa 1981, hawakusadiki. Walilipata neno la siri la benki ya akiba ya Hamburg. Kwa njia gani, wao na posta hawakupatana. Kisha wakafungua ukurasa wao wa kulipiwa, bei yake karibu mark 10, na usiku mmoja wa Novemba wakaiacha kompyuta iuite ukurasa ule tena na tena kwa jina la benki. Kulipopambazuka benki ilikuwa inawiwa na chama kiasi cha mark 135,000.

Hapo ndipo mwizi na mdukuzi wa namna hii wanapoachana njia. Mwizi angalitoweka. Hawa wawili waliwaita waandishi wa magazeti, wakaeleza yote hadharani, na fedha zikarudishwa. Mwezi uliofuata chama kikaitisha mkutano wake wa kwanza mjini Hamburg, ili watu waliokuwa wakijuana kwa njia ya waya tu wapate kuonana uso kwa uso.

Lakini usidhani kwamba wote walikuwa wema. Mwaka wa 1989 walikamatwa vijana kadhaa wa Kijerumani waliowauzia wapelelezi wa Kisovieti mambo waliyoyachukua kwa siri katika kompyuta za nchi nyingine, na aibu yao ikakiangukia chama kizima, hata marafiki wakaanza kushukiana. Mwaka mmoja kabla yake, Wernéry alikuwa amesafiri kwenda Paris kusema katika mkutano juu ya usalama wa kompyuta. Alikamatwa alipofika, akawekwa kizuizini kwa majuma kadhaa. Kanuni aliyoipenda Holland, kwamba habari za umma zitumiwe na wote na habari za mtu binafsi zilindwe, haikuwa maneno ya kupamba ukuta. Ndiyo iliyowatenga waliobaki na wale waliouza.

Siku hizi hotuba za mkutano huo, karibu zote, hutazamwa bure kwa intaneti. Basi kwa nini mtu alipe nauli? Kwa maoni yangu, hotuba hukuonyesha kufuli iliyokwisha kuvunjwa, lakini mezani, nje ya ukumbi, utaiona ikivunjwa. Huko watoto hufundishwa kulehemu waya, na watu wazima hukesha wakishindana na makufuli ya chuma. Hakuna atakayekuuliza cheti chako, wala hairuhusiwi kukupiga picha bila idhini yako. Wapishi, wafasiri na walinzi wa milango ni watu waliojitolea. Huitwa malaika, na wengi wao wamelipa kiingilio. (Sijapata kusikia malaika wengine wanaolipa ili wapewe kazi.)

Desemba 2014, tena Hamburg, yalionyeshwa mambo mawili. Jan Krissler alieleza jinsi alivyoitengeneza alama ya kidole gumba cha Ursula von der Leyen, waziri wa ulinzi wa siku zile, kwa kutumia picha za kawaida alizopigwa mbele ya watu. Hakumgusa mkono, wala kikombe alichonywea. Tobias Engel na Karsten Nohl nao walionyesha udhaifu wa mfumo ambao kwao kampuni za simu hupelekeana habari duniani kote, na simu za Mombasa na Kisumu zimo. Mfumo huo ulibuniwa zamani, kampuni zilipokuwa chache na zikiaminiana. Kwa hiyo ujumbe ukifika, haukuulizwa sana umetoka kwa nani. Mtu mbaya aliyepata nafasi ndani yake aliweza kujua ulipo na kuupokea ujumbe wako kabla yako.

Gazeti likaandika, na kampuni zikaahidi. Januari 2017 wezi waliokwisha kuiba maneno ya siri ya wateja wa benki huko Ujerumani waliutumia udhaifu uo huo kuzinasa namba ambazo benki huwapelekea wateja kwa simu, wakazikomba hesabu zao usiku wamelala. Waliokaa katika ukumbi wa Hamburg walikuwa wameelezwa njia ile miaka 2 mapema.